Ile nyota kwenye karatasi ya maabara

Mtu anatoka maabara mjini Mbeya, karatasi ya majibu mkononi. Mstari mmoja unasomeka: kolesteroli ya jumla 5.4, na pembeni kuna nyota. Nyota hiyo ndiyo inayozungumzwa kwenye daladala hadi nyumbani. Mayai yanapigwa marufuku, nyama inaondolewa sufuriani, na jirani anapendekeza maji ya limao na kitunguu saumu. Wakati huohuo, kwenye daftari la kliniki la mtu huyohuyo, nesi ameandika presha yake kwa kalamu: 158/96. Namba hiyo haina nyota, na hakuna aliyeuliza habari zake. Kati ya hizo mbili, iliyo karibu zaidi kumwangusha kwa kiharusi ni hiyo ya kalamu.

Kosa hapa si la mgonjwa. Maabara huweka nyota pale namba inapovuka mpaka uliowekwa kwenye mashine, na kwa kolesteroli ya jumla mpaka huo kwa kawaida ni 5.2. Mashine haijui umri wako, haijui kama unavuta sigara, haijui presha yako wala kwamba baba yako alifariki ghafla akiwa na miaka 50. Hatari ya moyo na mishipa haisomwi kwenye namba moja. Husomwa kwa kuziweka namba kadhaa pamoja, na kabla ya hapo lazima ujue kila namba inajibu swali gani.

Mvua, mteremko na maji ya Kiwira

Kuna maneno mawili yanayochanganywa sana: kihatarishi na kiashiria. Kihatarishi ni kitu kinachosukuma ugonjwa utokee. Kiashiria ni alama inayoonyesha kwamba jambo fulani linaendelea mwilini. Fikiria shamba la mteremkoni Rungwe. Mvua kubwa, mteremko mkali na udongo uliolimwa ukaachwa wazi ni vihatarishi vya mmomonyoko. Maji ya Mto Kiwira yakigeuka rangi ya udongo, hicho ni kiashiria: udongo umeshaanza kuondoka. Daraja likisombwa, hakuna cha kutabiri tena. Presha, sigara, sukari na lehemu (kolesteroli) ya LDL, ile inayoitwa "mbaya", ni mvua na mteremko. Protini kwenye mkojo ni maji yaliyochafuka. Troponini, kipimo cha damu kinachofanywa mtu akiwa na maumivu ya kifua, ni taarifa kwamba daraja limeshaguswa.

Tofauti hii ina uzito kwenye matibabu, maana kuondoa kihatarishi hupunguza ugonjwa, lakini kubadili kiashiria peke yake huenda kusisaidie lolote. Mfano mzuri ni HDL, ile inayoitwa "lehemu nzuri". Watu wenye HDL ya juu kiasi hupata ugonjwa wa moyo kwa uchache, kwa hiyo zikatengenezwa dawa za kuipandisha. Mojawapo, torsetrapibu, ilisimamishwa Desemba 2006 ikiwa bado kwenye majaribio. HDL ilipanda kweli, lakini vifo viliongezeka. Tangu hapo wataalamu wengi huichukulia HDL kama alama ya hali ya mwili, si kitu cha kukimbiza kwa dawa. Anayekuuzia kidonge cha "kupandisha lehemu nzuri" anakuuzia maji ya mto yaliyotiwa rangi.

Orodha ya vihatarishi haikutungwa mezani. Utafiti wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulianza mwaka 1948 kwa kuwafuatilia watu 5,209 miaka na miaka. Mwaka 2004 utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, zikiwemo za Afrika, ulionyesha kwamba mambo tisa yanaeleza zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo: mafuta ya damu yasiyo sawa, sigara, presha, kisukari, mafuta ya tumbo, msongo wa mawazo, uchache wa matunda na mboga, matumizi ya pombe na kutoushughulisha mwili. Mengi ya hayo hujulikana kwa kuuliza, kwa utepe wa fundi cherehani na kwa mashine ya presha.

Presha: namba inayoharibika kwa urahisi kuliko zote

Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikamua. Ya chini ni msukumo unaobaki moyo unapolegea. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban Mtanzania mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha ya juu. Mpaka wa kuuita ugonjwa ni 140/90 kituoni, baada ya kupima siku zaidi ya moja, au wastani wa 135/85 ukipima nyumbani. Lakini mpaka huo umewekwa ili uamuzi ufanyike. Hatari yenyewe huanza chini zaidi: kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115/75, kila ongezeko la 20 kwenye namba ya juu au 10 kwenye namba ya chini huzidisha mara mbili hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Kwa kuwa uamuzi unategemea tofauti ya milimita chache za zebaki, kizio cha presha, upimaji mbovu hugeuza mzima kuwa mgonjwa na mgonjwa kuwa mzima. Huku kwetu Nyanda za Juu kosa la kwanza ni sweta. Juni na Julai, Makete, Njombe na Uwanda wa Kitulo, watu hufika kliniki wamevaa shati, sweta na koti. Mkanda wa mashine ukifungwa juu ya sweta, msukumo unaishia kwenye sufu badala ya mshipa. Mkono wa sweta ukikunjwa juu hadi ukabana, unakuwa kamba inayozuia damu juu ya mkanda. Njia ni moja: mkono mmoja utolewe kabisa kwenye nguo, ngozi iwe wazi, na mwili mwingine ufunikwe kwa khanga au koti ili mtu asitetemeke. Kutetemeka kwa baridi nako kunapandisha presha.

Kosa la pili ni ukubwa wa mkanda. Mikanda mingi iliyoko vituoni imeandikwa sentimita 22 hadi 32. Zungusha utepe katikati ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Mama mwenye mkono wa sentimita 38 akifungwa mkanda wa 32, mashine itatoa namba kubwa kuliko ukweli. Kwa mikono minene sana, ile inayohitaji mkanda mkubwa kuliko yote, utafiti wa mwaka 2023 ulipata namba ya juu ikizidi kwa karibu milimita 20 pale mkanda wa kawaida ulipotumika. Mtu wa 125 anaandikwa 145, kisha anaanzishiwa vidonge.

Kosa la tatu ni mkao. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu yenyewe unaongezwa kwenye kipimo, karibu milimita 0.8 kwa kila sentimita moja. Sentimita kumi chini zinakuongezea 8. Mkono ulazwe juu ya meza, kiwiko usawa wa katikati ya kifua. Mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage sakafu, miguu isipishanishwe. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kimya dakika tano, na kwa nusu saa kabla ya hapo usivute sigara wala kunywa kahawa au chai ya rangi. Aliyepanda kilima kwa miguu kutoka stendi asipimwe akiingia mlangoni. Wakati mashine inajaza upepo, hata salamu zisubiri. Pima mara mbili, kwa kupishanisha dakika moja au mbili, uandike wastani. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, na kuanzia hapo tumia ule uliotoa namba kubwa.

Kabla ya kubonyeza mashine, shika mapigo ya mkono kwa nusu dakika. Yakiwa hayana mpangilio kabisa, namba ya mashine ya umeme haiaminiki, na ugunduzi wenyewe ni mkubwa kuliko presha. Aina moja ya mapigo hayo huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, kwa sababu damu hutuama kwenye chumba cha juu cha moyo na kuganda. Mtu huyo anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, ECG.

Baridi yenyewe ni kihatarishi. Mishipa midogo ya ngozi hujibana kuhifadhi joto, na presha hupanda. Anayetumia dawa Njombe anaweza kukuta dozi iliyomtosha Desemba haimtoshi Julai. Dawa haijaisha nguvu, na hana sababu ya kujiongezea vidonge. Apeleke namba zake za wiki mbili kliniki, daktari aamue. Uamuzi hatari zaidi ni ule unaofanyika namba ikiwa nzuri: mtu anaona 128/80, anaacha vidonge. Namba hiyo imeshuka kwa sababu ya vidonge. Na kusubiri kichwa kiume ndipo umeze dawa ni kusubiri dalili ambayo wagonjwa wengi wa presha hawaipati kamwe hadi siku ya kiharusi.

Chumvi inahesabika nyumbani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Nyumba ya watu wazima watano inapaswa kutumia gramu 25 kwa siku, hivyo pakiti ya nusu kilo idumu siku 20. Ikiisha kwa siku kumi, kila mmoja anakula mara mbili ya kiwango, kabla hujahesabu chipsi za barabarani, dagaa waliotiwa chumvi na vile vipande vya kuungia mchuzi. Pombe ni ngumu zaidi kuhesabu, kwa sababu ulanzi na komoni havina lebo, na ulanzi uliogemwa asubuhi unaendelea kuchacha hadi jioni. Kikombe kilekile kinabeba kilevi tofauti. Anayekunywa kila siku na presha haishuki aeleze hilo wazi kliniki, maana pombe pekee inaweza kufanya dozi mbili za dawa zionekane hazifanyi kazi.

Mafuta ya damu: soma mistari yote minne

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, haielei yenyewe kwenye damu. Hubebwa ndani ya vifurushi. Vifurushi vya LDL hupenya ukuta wa ateri, vingine hunaswa humo, vikaharibika, na chembe za kinga huvimeza hadi zikajaa mafuta. Miaka ikipita unajengeka utando mnene ndani ya ukuta. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake ndani ya dakika chache na kuziba njia. Ndiyo maana muda ni nusu ya hesabu: LDL ya 4.5 kwa miaka 30 si sawa na LDL ya 4.5 iliyoanza mwaka jana.

Sasa rudi kwenye karatasi. Mwenye nyota ana jumla 5.4, HDL 1.6 na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 1.1. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa: jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Kwake ni 5.4 toa 1.6 toa 0.5, sawa na 3.3. Ukiondoa HDL tu kwenye jumla, unapata 3.8, na hiyo ni lehemu yote inayoweza kunasa ukutani. Mwenzake ana jumla 5.0, bila nyota yoyote. Lakini HDL yake ni 0.8 na trigliseridi 2.4. LDL yake kwa hesabu ni 3.1, inaonekana ndogo, ila jumla toa HDL ni 4.2. Huyu asiye na nyota ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi wa vifurushi vibaya, na sura hiyo ya HDL ya chini na trigliseridi ya juu mara nyingi huja pamoja na kitambi na kisukari kinachoanza.

Vizio navyo huchanganya. Karatasi moja huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Kolesteroli huzidishwa kwa 38.67 kutoka kizio cha kwanza kwenda cha pili, kwa hiyo 5.4 ni 209. Trigliseridi huzidishwa kwa 88.57. Anayelinganisha 5.4 ya Mbeya na 209 ya Dar es Salaam akadhani amelogwa, amepimwa kitu kilekile.

Kufunga kula si lazima kwa kipimo cha kawaida. Trigliseridi ikizidi 4.5 ile hesabu ya LDL haifai, na hapo ndipo unarudi asubuhi ukiwa hujala saa 10 hadi 12. Usipime ukiwa na homa kali au umetoka kulazwa. Maambukizi hushusha LDL kwa muda, na mtu hupewa majibu mazuri ya uongo. LDL ya 4.9 au zaidi kwa kijana, hasa akiwa na vinundu kwenye kano za vidole au za kisigino, huashiria ugonjwa wa kurithi: ndugu zake wote wa damu wapimwe, watoto pamoja. Kuna kipimo kingine, Lp(a), aina ya kifurushi kinachofanana na LDL, ambacho hupimwa mara moja tu maishani kwa sababu kiwango chake kimeamuliwa na urithi. Kwa wastani watu wenye asili ya Afrika wanacho kwa wingi zaidi kuliko Wazungu. Kama kinapatikana unakopimwa na familia yako ina vifo vya mapema vya moyo, kinastahili fedha yake.

Maandishi "haina kolesteroli" kwenye chupa ya mafuta ya kupikia hayakuambii kitu, kwa sababu hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu ya kutajwa. Kinachopandisha LDL ni mafuta mgando yaliyomo. Mawese ya Kyela yana karibu nusu mafuta mgando. Alizeti ina takriban asilimia 11. Parachichi la Rungwe au Njombe, ambalo baadhi ya watu huliacha kwa kuogopa "mafuta", lina mafuta laini kwa sehemu kubwa na halina lehemu. Wa kulichunga ni mgonjwa wa figo aliyeambiwa potasiamu yake iko juu.

Dawa za statini, zinazoshusha LDL, zimefanyiwa utafiti kuliko karibu dawa nyingine zote za moyo. Kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita kwa dawa hizi, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takriban asilimia 22. Lakini asilimia 22 ya hatari kubwa ni watu wengi, na asilimia 22 ya hatari ndogo ni wachache sana, na hapo ndipo nyota ya maabara inaposhindwa kukusaidia kuamua.

Sukari na figo

Sukari ya kufunga ya 7.0 au zaidi, ikithibitishwa siku nyingine, ni kisukari. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ikifika asilimia 6.5 nayo ni kisukari, lakini kipimo hiki kinategemea chembe nyekundu za damu ziishi umri wake wa kawaida. Mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au ambaye chembe zake zinavunjika mapema atapata namba ndogo kuliko ukweli. Mwenye upungufu wa madini ya chuma anaweza kupata kubwa. Kwa hao, tumia sukari ya kufunga.

Figo ndiyo sehemu inayopuuzwa, na inasikitisha kwa sababu kipimo chake ni cha bei ndogo. Mishipa midogo ya figo huharibiwa na presha na sukari sawasawa na mishipa mingine, ila yenyewe huvujisha protini ambayo tunaweza kuiona kwenye mkojo. Kijiti cha kuchovya kinatosha kuanzia. Kikionyesha protini, rudia baada ya homa au maambukizi ya mkojo kupona na usipime siku uliyofanya kazi nzito, kisha omba kipimo cha mkojo cha uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini (taka inayotolewa na figo). Kuanzia miligramu 3 kwa milimoli si kawaida. Kwenye damu, kreatinini hugeuzwa kuwa kiwango cha uchujaji. Kikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu, figo ni gonjwa na hatari ya moyo imepanda. Muulize mtaalamu wa maabara wanatumia fomula gani. Fomula za zamani zilikuwa na kizidisho cha watu weusi kilichofanya figo zionekane nzima kuliko zilivyo. Fomula ya mwaka 2021 imekiondoa, na hakuna sababu ya kukibakiza Iringa au Mbeya.

Ambavyo chati haivioni

WHO ilitoa mwaka 2019 chati za kukadiria hatari ya shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10, na Tanzania inatumia ile ya Afrika Mashariki. Unatafuta safu ya jinsia, sigara na umri kati ya miaka 40 na 74, unapanda hadi mstari wa namba ya juu ya presha, unamalizia na kolesteroli ya jumla kwenye ukurasa wa mwenye kisukari au asiye nacho. Mahali pasipo na maabara kuna chati inayotumia uwiano wa uzito na urefu badala yake. Kijani ni chini ya asilimia 5, njano 5 hadi chini ya 10, chungwa 10 hadi chini ya 20, na nyekundu ni 20 na kuendelea. Hapo utaona kwa macho kwamba lehemu ileile, 5.4, inaweza kukaa kwenye kijani kwa mwanamke wa miaka 42 asiyevuta sigara mwenye presha nzuri, na ikakaa kwenye rangi nzito kwa mzee mvutaji mwenye kisukari. Aliyekwisha kupata kiharusi au shambulio la moyo hahitaji chati. Yuko kwenye hatari kubwa tayari na anastahili matibabu kamili.

Chati ina upofu wake, na upofu huo unatugusa sana huku. Haihesabu VVU. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023, Njombe ilikuwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, viwango vya juu kabisa nchini. Anayeishi na VVU ana hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa takriban mara mbili, hata virusi vikiwa vimefubazwa, kwa sababu uchochezi mdogo, yaani kinga ya mwili kubaki imeamka, hubaki kwenye kuta za mishipa. Utafiti wa REPRIEVE, uliohusisha watu 7,769 na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha statini moja, pitavastatini, ikipunguza matukio makubwa kwa asilimia 35 kwa wanaotumia ARV ambao chati ziliwaona wako salama kiasi. Anayehudhuria CTC, kliniki ya VVU, aombe presha na sukari vipimwe siku hiyohiyo ya kuchukua dawa. Na atakayeandikiwa statini ataje ARV zake kwa majina: simvastatini haichanganywi kabisa na dawa zenye ritonaviri, maana hujazana mwilini na kuyeyusha misuli.

Haihesabu pia ujauzito uliopita. Mama aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, achilia mbali kifafa chenyewe, ana hatari maradufu ya ugonjwa wa moyo na kiharusi baadaye. Presha ikirudi chini baada ya kujifungua huambiwa yameisha. Apimwe kila mwaka maisha yake yote. Haihesabu ndugu: baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65. Wala haihesabu moshi. Jiko la kuni ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, kama zijengwavyo mahali pa baridi, humwingizia mpishi chembechembe zilezile zinazokera mishipa kama za sigara. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku kuota lina balaa la ziada: hewa yake ya sumu huua mtu usingizini.

Vipimo vya tukio, na moyo wa kijana

Wengi huomba ECG kama ukaguzi wa jumla. Mtu anaweza kuwa na mshipa wa moyo uliobanwa kwa zaidi ya nusu na ECG ya kupumzika ikatoka safi. Kazi yake kubwa ni wakati wa maumivu: kifua kinachobana au kulemea, maumivu yanayoenda taya au mkono, jasho la baridi. Hapo ECG ifanyike ndani ya dakika 10 za kufika, na troponini ipimwe na kurudiwa baada ya saa chache, kwa sababu mwanzoni inaweza kuwa haijapanda. Aspirini ya miligramu 300 hutafunwa njiani kwa maumivu ya kifua kama hayo, isipokuwa mwenye mzio nayo au anayetoka damu. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usimpe: viharusi vingine ni vya damu kuvuja, na anatakiwa afike hospitali yenye CT scan mapema iwezekanavyo, maana dawa ya kuyeyusha donge ina dirisha la saa nne na nusu tu.

CRP, kipimo cha uchochezi, ikizidi 10 inasema kuna maambukizi au jeraha mahali fulani. Usiisome kwa ajili ya moyo siku hiyo.

Kijana wa miaka 18 anayehema akipanda kilima hafai kabisa kusomwa kwa chati ya lehemu. Kwa umri huo, ugonjwa wa kufikiria kwanza ni wa valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na vidonda vya koo utotoni. Kipimo chake ni kusikiliza moyo na kuupiga picha kwa ultrasaundi, na kinga yake ni sindano ya penisilini kila wiki tatu hadi nne kwa miaka mingi.

Mwenye fedha kidogo aanze na vinne vinavyopatikana vituo vingi: presha iliyopimwa sawasawa, sukari ya kidole, kijiti cha mkojo, na kiuno. Kwa kiuno hata utepe hauhitajiki. Kata uzi ulingane na urefu wako, ukunje katikati, uuzungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na mafuta yamekaa pale yanapodhuru. Mafuta ya damu yafuate hapo, yote manne.

Kwenye daftari andika tarehe, saa, mkono uliotumika, na kama ulikuwa umemeza dawa asubuhi hiyo. Nesi akiandika 158/96 akafunga daftari, muulize, "Dada, tunarudia lini?" Kwa namba hiyo bila dalili yoyote, kurudia kusizidi wiki nne. Kwa 160/100 na zaidi ni siku chache. Kwa 180/110 usirudi nyumbani kabla hujaonana na daktari.